Kurekebisha Mipangilio ya Mtandao Kabla ya Kusajili Kompyuta Chuoni

Mada ya mitandao ya kompyuta wengi huisoma kwa vifupisho. Mwulize mtahiniwa DHCP ni nini, atakutajia maneno manne ya Kiingereza bila kukosea herufi. Mwulize kompyuta iliyowekewa anwani kwa mkono itapatwa na nini ikipelekwa kwenye mtandao mwingine, atanyamaza. Swali la pili ndilo lenye alama nyingi, na ndilo utakalokutana nalo mwaka ujao ukifika chuoni na kompyuta yako mkononi. Mtihani wa somo la kompyuta huandikwa kwa Kiingereza, hilo unalijua; lakini jambo ukilielewa kwa lugha unayoiota, kulieleza kwa lugha nyingine ni kazi ndogo.

Mfano tutakaoutumia

Tuchukue binti wa Nguvumali, jijini Tanga, aliyemaliza kidato cha nne na kupata nafasi ya stashahada katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Kaka yake ana steshenari: anatoa fotokopi, anachapa barua, anajazia watu fomu za mtandaoni. Amempa mdogo wake kompyuta mpakato moja iliyokuwa ikitumika dukani. Binti anapanda basi Kange, anapita Segera na Chalinze, na Jumatatu yuko bwenini.

Usajili wa masomo unafungwa Ijumaa saa kumi jioni, na hufanyika kwa mtandao tu. Chuo kina Wi-Fi, lakini kila kompyuta lazima isajiliwe kwanza. Anaunganisha. Alama ya Wi-Fi inajaa, kivinjari kinazunguka, kinazunguka, kisha kinasema hakuna intaneti. Mwenzake wa kitanda cha juu amefungua ukurasa wa usajili kwa simu ndani ya dakika moja. Jumatano fundi aliye nje ya geti anamwambia mashine ina virusi, apigiwe Windows upya kwa shilingi 15,000. Humo ndani mna nakala za vyeti vyake na fomu ya mkopo, na hakuna nakala nyingine.

Mashine haina virusi. Ina mipangilio ya dukani kwa kaka. Kaka aliipa anwani ya IP kwa mkono, 192.168.1.25, ili printa na kompyuta nyingine ziipate siku zote mahali pamoja. Akaandika seva ya DNS kwa mkono, 8.8.8.8. Akaweka proksi ili vijana wa dukani wasimalize bando kwa video. Na saa ya mashine imerudi nyuma miaka kadhaa kwa kuwa betri yake ndogo imekufa. Kila kimoja kilikuwa na sababu yake kule Nguvumali. Chuoni kila kimoja ni kizuizi.

Mtandao unavyompokea mgeni

Ukifika nyumba ya watu unapiga hodi. Wenyeji wanaitikia karibu, wanakuonyesha pa kukaa, nawe unakubali. DHCP hufanya hivyo hivyo, kwa hatua nne. Kompyuta mpya haina anwani, kwa hiyo inapiga hodi ikijitaja kama 0.0.0.0, na inaipaza sauti kwa wote kupitia anwani 255.255.255.255: kuna seva ya kunipa anwani? Seva inajibu kwa kutaja anwani moja iliyo wazi. Kompyuta inasema, naiomba hiyo. Seva inathibitisha, na inaongeza mambo matatu muhimu: sabneti maski, anwani ya lango la kutokea nje, na anwani ya seva ya DNS. Anwani hiyo ni ya kukodishwa. Muda ukiisha, kompyuta huomba upya.

Sasa mashine ya binti haipigi hodi. Inaingia na kukaa kwenye kiti inachokijua, kiti cha dukani. Seva ya chuo inaweza kuwa nzima kabisa, ikiwagawia anwani wanafunzi wote bwenini, lakini haiwezi kumpa asiyeomba.

Alama ya Wi-Fi ilijaa kwa nini, basi? Kwa sababu alama ile hupima nguvu ya redio kati ya kompyuta na kifaa cha ukutani. Haipimi kama una anwani sahihi. Watahiniwa huchanganya mambo haya mawili mara kwa mara, na mafundi wa nje ya geti pia.

Anwani mbili, mitandao miwili

Hapa ndipo penye hesabu, tuende polepole. Anwani ya IP ya toleo la nne ina biti 32, zilizogawanywa katika mafungu manne ya biti 8. Sabneti maski inaonyesha biti zipi ni za mtandao na zipi ni za kompyuta. Ili kupata mtandao, fanya NA kati ya anwani na maski, biti kwa biti: 1 na 1 hutoa 1, vinginevyo ni 0.

Dukani maski ilikuwa 255.255.255.0. Mafungu matatu ya mwanzo yanabaki yalivyo, la mwisho linakuwa sifuri. Mtandao wa 192.168.1.25 ni 192.168.1.0.

Tuseme chuo kinatumia maski 255.255.252.0 na kimempa jirani yake anwani 10.20.6.140. Mafungu mawili ya mwanzo yanabaki 10 na 20. La tatu ni 6, yaani 00000110. Maski yake ni 252, yaani 11111100. NA ya hizo mbili ni 00000100, sawa na 4. La nne linakuwa 0. Mtandao ni 10.20.4.0. Biti zilizobaki kwa kompyuta ni 10, na 2 kwa kipeo cha 10 ni 1,024. Toa anwani ya mtandao wenyewe na ile ya kutangazia wote: zinabaki 1,022, kuanzia 10.20.4.1 hadi 10.20.7.254.

Linganisha majibu. Moja ni 192.168.1.0, jingine 10.20.4.0. Mashine ya binti ikitaka kwenda nje inamwita lango lake la zamani, 192.168.1.1: uko wapi? Bwenini hakuna mwenye jina hilo. Ni kama mtu aliyetoka Barabara ya 13 Ngamiani, akafika Dar es Salaam na kumwambia dereva wa bodaboda, nipeleke Barabara ya 13. Namba ni sahihi, mji sio.

Huenda ukauliza: je, chuo nacho kingekuwa kinatumia 192.168.1.0? Inawezekana, kwa kuwa anwani zinazoanza na 192.168, zinazoanza na 10, na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31 zilitengwa kwa matumizi ya ndani, na mtu yeyote anaweza kuzitumia nyumbani, dukani au chuoni. Zilitengwa kwa sababu biti 32 hutoa anwani 4,294,967,296 tu kwa dunia nzima, na dunia ina vifaa vingi kuliko hivyo. Katika hali hiyo 192.168.1.25 ya kaka ingeweza kufanya kazi, au ingegongana na mwanafunzi mwingine aliyepewa 25 na seva, na wote wawili wakawa wanakatikakatika. Tatizo la namna hii ni baya zaidi, maana huja na kuondoka bila kueleweka.

DNS iliyoandikwa kwa mkono

Tuseme binti ameondoa anwani ya mkono na amepata ya chuo, lakini ameacha 8.8.8.8. Hiyo ni seva ya DNS ya Google, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009, na ni nzuri. Kwa nini basi ukurasa wa usajili usifunguke?

Kazi ya DNS ni kugeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP. Vyuo vingi humweka mgeni asiyesajiliwa kwenye chumba cha nje: anapewa anwani ya muda, na seva ya DNS ambayo, jina lolote analouliza, humrudishia anwani ya ukurasa wa usajili. Andika jina la gazeti, unaletewa usajili. Andika jina la timu yako, unaletewa usajili. Hiyo ndiyo mbinu. Mashine iliyoambiwa imwulize 8.8.8.8 peke yake haimwulizi mwenyeji. Inapeleka swali nje, na mlango wa nje bado umefungwa kwa asiyesajiliwa. Swali halirudi. Mtu anaona skrini nyeupe.

Ukiwa kwenye chumba hicho cha nje, andika tovuti inayoanza na http bila s mwishoni. Ile ya https imefungwa kwa ufunguo, na kivinjari hukataa kupelekwa pengine njiani. Hukataa kwa kukulinda, lakini siku ya usajili utaona kama kinakukomoa.

Proksi

Proksi ni kompyuta inayokwenda mtandaoni kwa niaba yako, kama mtu unayemtuma sokoni. Kaka aliandika 192.168.1.1, mlango 3128. Dalili yake ni ya pekee, ikariri: amri ya ping inajibiwa, lakini kivinjari hakifungui kitu. Ping haipiti kwa mtumwa, kivinjari kinapita. Izime kwenye mipangilio ya proksi. Ukiwa hapo zima na VPN kama ipo, mpaka usajili uishe.

Saa na tarehe

Hili hudharauliwa kuliko yote. Ukurasa wa usajili huwa na cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayoamini kwamba leo ni mwaka 2012 inakiona cheti hicho ni cha siku zijazo na inakikataa. Kwenye kompyuta za mezani na nyingi za zamani, betri ya duara ya volti 3 iitwayo CR2032 ndiyo inayotunza saa umeme ukizimwa. Ikifa, tarehe hurudi nyuma kila unapozima.

Kuna mambo mawili ya kwetu hapa. La kwanza, kwenye orodha ya kanda za saa ya Windows hutaona Dar es Salaam. Chagua Nairobi, UTC+03:00, saa ni ileile. La pili, kompyuta haijui saa ya Kiswahili. Saa mbili asubuhi iandikwe 08:00. Ukiandika 02:00 umeirudisha nyuma saa sita. Usicheke: nimeona maabara nzima ya shule iliyowekwa hivyo, na mwalimu akilaumu mvua.

Anwani ya MAC unayoisajili

Anwani ya IP hubadilika. Ya MAC imeandikwa kiwandani kwenye kadi ya mtandao. Ina biti 48, huandikwa kwa tarakimu 12 za mfumo wa kumi na sita, kwa mfano 3C-52-82-1F-0A-6B. Chuo kinaposajili kompyuta yako, kwa kawaida hii ndiyo inayoingia daftarini.

Makosa mawili hutokea. Kompyuta mpakato yenye tundu la waya na Wi-Fi ina kadi mbili, kwa hiyo MAC mbili. Mwanafunzi anajaza ya waya kwenye fomu, kisha anatumia Wi-Fi, na anabaki mgeni. Kosa la pili ni la simu. Simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hujionyesha kwenye Wi-Fi kwa MAC ya kubuni, ili mwenye simu asifuatiliwe kila aendako. Ukinakili MAC halisi kutoka kwenye maelezo ya simu na kuijaza kwenye fomu, mtandao utaona nyingine kabisa. Kwa mtandao wa chuo pekee, zima ubunifu huo. Kuitambua ya kubuni ni rahisi: tazama tarakimu ya pili kutoka kushoto. Ikiwa ni 2, 6, A au E, haikutoka kiwandani.

Kuzifanya kazi hizi kwa mpangilio

Fanya kabla ya kuondoka nyumbani, au ukiwa bado na simu yenye bando la kuuliza swali. Kwanza piga picha ya mipangilio iliyopo. Likizo ikifika mashine itarudi dukani, na kaka atataka printa yake ifanye kazi. Pia nakili vyeti na fomu zako kwenye flashi, hata kama hutarajii kumwona fundi yeyote.

Kisha rekebisha saa na tarehe. Fungua mipangilio ya mtandao, chagua kadi ya Wi-Fi, nenda palipoandikwa IPv4, na chagua mashine ipate anwani yenyewe na DNS yenyewe. Kumbuka kwamba namba zilizoandikwa kwenye kadi huifuata kadi popote uendapo, hata ukiunganisha Wi-Fi yenye jina jipya. Zima proksi.

Fungua dirisha la amri na uandike ipconfig /all. Soma kwa utulivu. Ukiona DHCP imewashwa, anwani ya chuo, lango na DNS, uko tayari. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, mashine imepiga hodi na hakuna aliyeitikia, ikajipa anwani yenyewe. Hiyo haikupeleki popote. Andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Ongeza ipconfig /flushdns ili isahau majina iliyoyakariri. Fungua kivinjari, jisajili kwa jina la mtumiaji na nywila ulizopewa.

Ukimaliza kusajili, katisha Wi-Fi na uunganishe tena. Hatua hii husahaulika. Bado umeshika anwani ya muda ya chumba cha nje. Lazima uiachie ndipo upewe ya ndani.

Binti wetu alifanya haya Alhamisi usiku kwa maelekezo ya kaka kwa simu, kaka akijilaumu kila baada ya sentensi. Robo saa, na nyingi yake ilikwenda kwenye kutafuta kitufe cha proksi. Shilingi 15,000 zilibaki mfukoni na vyeti vilibaki kwenye mashine.

Vyuo vyenye eduroam

Baadhi ya vyuo hutumia eduroam, mpango ulioanzia Uholanzi mwaka 2002, unaomwezesha mwanafunzi wa chuo kimoja kutumia Wi-Fi ya chuo kingine kwa jina na nywila zilezile. Kwa Kenya husimamiwa na KENET, Uganda na RENU. Hapo hakuna ukurasa wa kujisajili: jina la mtumiaji huandikwa kamili, likifuatwa na alama ya @ na kikoa cha chuo, ambacho kwa vyuo vya Tanzania huishia .ac.tz. Mwanafunzi anayeacha sehemu ya baada ya @ huweza kufanikiwa chuoni kwake na kukwama akitembelea chuo kingine, kwa kuwa mwenyeji hajui aulize wapi habari zake. Saa, DHCP na proksi vinahitaji kuwa sawa hata huku.

Mfano wa swali na jibu

Swali: Kompyuta ya mwanafunzi inaonyesha anwani 169.254.18.7 akiwa kwenye mtandao wa chuo. Eleza maana yake, na utaje hatua mbili za kuchukua. (Alama 6)

Jibu: Kompyuta imewekwa ipate anwani kwa DHCP, lakini haikupata jibu kutoka kwa seva, hivyo imejipa yenyewe anwani ya dharura (alama 2). Mwanafunzi ahakikishe muunganisho wenyewe, yaani waya au Wi-Fi sahihi, ili ombi liweze kufika kwenye seva (alama 2). Kisha aachie anwani na kuomba nyingine kwa ipconfig /release na ipconfig /renew (alama 2).

Angalia kwamba anayejibu tu “intaneti haipo” hapati hata alama moja, ingawa hajasema uongo.

Zoezi

1. Kompyuta mbili zina anwani 10.20.6.140 na 10.20.9.77, zote kwa maski 255.255.252.0. Onyesha kwa hesabu kama ziko kwenye mtandao mmoja.

2. Mwanafunzi anapata majibu ya ping kutoka nje, lakini kivinjari hakifungui ukurasa wowote. Taja mpangilio wa kwanza utakaoukagua, na utoe sababu.

3. Kati ya 9E-41-0B-72-C3-58 na 3C-52-82-1F-0A-6B, ipi ni MAC ya kubuni? Umejuaje?

4. Eleza kwa nini duka la kaka lilihitaji anwani ya kudumu kwa kompyuta inayoshirikiana na printa, na kwa nini chuo chenye wanafunzi maelfu hakiwezi kufanya hivyo kwa kila kompyuta.

5. Kompyuta imesajiliwa kwa ufanisi, lakini kila tovuti bado inaonyesha ukurasa wa usajili. Mwanafunzi amesahau nini?